Namna ya Kusimamisha Sanamu ya Nathan Mwenye Hekima Mjini Mtwara

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wakazi wa Mtwara, wawe walimu, wachongaji, wazee wa mitaa au vijana wa vyuo, ambao wangependa kuona mahali pa wazi mjini mwao pamewekwa sanamu ya mhusika wa fasihi anayesimamia kuheshimiana kwa watu wa dini mbalimbali. Mhusika ninayempendekeza ni Nathan, mfanyabiashara wa Kiyahudi katika tamthiliya ya Gotthold Ephraim Lessing iliyochapishwa mwaka 1779. Sanamu yake ipo tayari katika mji wa Wolfenbüttel nchini Ujerumani, jirani na nyumba aliyoishi mwandishi huyo na maktaba aliyoitumikia tangu mwaka 1770 hadi kifo chake mwaka 1781. Nasema tangu mwanzo kwamba sanamu ya namna hii ikisimamishwa juu ya manung'uniko ya majirani inajikana yenyewe, na ndiyo sababu sehemu kubwa ya kazi inayoelezwa hapa ni ile inayotangulia kufunguliwa kwa mfuko wa kwanza wa saruji.

Kumjua mhusika kabla ya kumtetea

Kamati itakayosimamia mradi isiende kwa kiongozi yeyote wa dini kabla wajumbe wake wote hawajaifahamu hadithi kiasi cha kuisimulia bila karatasi, kwa sababu swali la kwanza watakaloulizwa ni huyu Nathan ni nani, na jibu la kubabaisha litafunga mlango ambao hautafunguka tena kwa urahisi.

Hadithi inatokea Jerusalem mwishoni mwa karne ya 12, wakati wa Vita vya Msalaba, mji ukiwa chini ya Sultani Salahuddin. Nathan anarejea kutoka safari ya biashara na kuambiwa kwamba nyumba yake iliungua na binti yake Recha aliokolewa motoni na kijana mpiganaji Mkristo wa chama cha Templar, ambaye naye alikuwa mateka aliyesamehewa na Sultani kwa kuwa sura yake ilimkumbusha ndugu yake aliyepotea. Baadaye inafahamika kwamba Recha si mtoto wa damu wa Nathan. Mke wa Nathan na watoto wao saba wa kiume walichomwa moto na Wakristo, na siku tatu baada ya msiba huo akaletewa mtoto mchanga wa Kikristo, akampokea, akamlea kama wake. Mwishoni yule kijana na Recha wanatambuliwa kuwa kaka na dada, tena ni watoto wa ndugu yake Salahuddin, hivyo Mwislamu, Mkristo na binti aliyelelewa na Myahudi wanajikuta ni watu wa ukoo mmoja. Msomaji wa Mtwara hatashangazwa sana na mwisho huo, kwa maana si jambo geni huku kukuta mjomba ni Hamisi na mpwa wake ni Yohana, na msiba ukitokea wote wawili wanakaa kwenye mkeka mmoja.

Kiini cha tamthiliya ni kisa cha pete tatu. Sultani anamwuliza Nathan ni dini ipi iliyo ya kweli, na Nathan anajibu kwa kisa. Palikuwa na mtu aliyekuwa na pete yenye uwezo wa kumfanya anayeivaa kwa imani apendwe na Mungu na wanadamu, na pete hiyo ilirithishwa kizazi hadi kizazi kwa mwana aliyependwa zaidi. Ikafika kwa baba mwenye wana watatu aliowapenda sawasawa. Akamwagiza sonara atengeneze pete nyingine mbili ambazo hata yeye mwenyewe hakuweza kuzitofautisha na ile ya kwanza, akampa kila mwana yake kwa siri, akafa. Wana wakagombana, wakaenda kwa kadhi. Kadhi hakuchagua pete. Aliwaambia kila mmoja aamini kwamba yake ndiyo ya kweli, na athibitishe uwezo wake kwa upole, kwa wema na kwa kumnyenyekea Mungu, mpaka baada ya maelfu ya miaka aketi mwamuzi mwenye hekima kumzidi yeye. Lessing hakukitunga kisa hicho peke yake, kwani kilikuwa kimekwisha kusimuliwa na Boccaccio wa Italia karne nne kabla yake. Alichofanya ni kukipa hukumu hiyo ya kadhi.

Ni vyema pia kufahamu mazingira ya kuandikwa kwake. Lessing alikuwa mtoto wa mchungaji wa Kilutheri, na mwaka 1778 alikatazwa na mtawala wake kuchapisha maandishi juu ya mabishano ya dini, baada ya malumbano makali na mchungaji mmoja wa Hamburg. Akageukia jukwaa la maigizo, akaandika Nathan. Tamthiliya ilichezwa kwa mara ya kwanza mjini Berlin mwaka 1783, miaka miwili baada ya yeye kufariki. Ilipigwa marufuku chini ya utawala wa Hitler, na vita vilipokwisha mwaka 1945 ndiyo iliyofungua upya ukumbi wa Deutsches Theater mjini humo. Simulieni jambo hili kwa wazee, kwa sababu linaonyesha kwamba waliokichukia kisa cha pete walikuwa watu wa aina gani.

Maswali magumu yanayopaswa kuulizwa mapema

Mji wetu una Waislamu wengi, na wanazuoni wengi wa Kiislamu hawaruhusu kutengeneza umbo kamili la kiumbe chenye roho. Jambo hili lisichukuliwe kama kikwazo cha kuzungukwa kwa ujanja. Ni imani ya jirani, na mradi huu umebuniwa kwa heshima ya imani ya jirani. Kamati iende kwa masheikh ikiwa na michoro miwili au mitatu mkononi, sio mmoja, na iwe tayari kwa dhati kuuacha ule wa kwanza. Mchoro mmoja unaweza kuonyesha mtu mzima aliyesimama kwa kanzu na joho. Wa pili unaweza kuonyesha mikono mitatu tu inayotoka katika shina moja, kila mmoja ukiwa na pete. Wa tatu unaweza kuwa baraza la mawe lenye viti vitatu na pete tatu zilizochongwa juu yake, pasiwe na mtu yeyote, ili anayeketi hapo awe ndiye msikilizaji wa kisa. Kwa maoni yangu mchoro wa tatu ndio unaofaa zaidi Mtwara, na hata pale ambapo hakuna pingamizi ningeuchagua, kwa kuwa watu wa pwani wamezoea kuketi barazani na kuzungumza, ilhali sanamu ya mtu mmoja juu ya nguzo hutazamwa mara moja na kupitwa.

Ugumu wa pili uko kwenye jina. Wasomaji wa Biblia wanamjua nabii Nathani aliyemkemea Mfalme Daudi, na mtu atakayesikia kwamba mjini kunajengwa sanamu ya Nathan anaweza kuelewa kwamba inajengwa sanamu ya nabii, jambo ambalo litawaumiza Waislamu wote na baadhi ya Wakristo. Kila tangazo, barua na hotuba iseme waziwazi kwamba huyu ni mfanyabiashara wa kubuniwa katika tamthiliya. Kwa sababu iyo hiyo Salahuddin asichongwe kabisa. Yeye ni mtu wa historia anayeheshimiwa sana, na kisa hakipungukiwi chochote akibaki kwenye maandishi.

Ugumu wa tatu ni kwamba tamthiliya ina Patriaki wa Jerusalem anayetaka Myahudi achomwe moto kwa kosa la kumlea mtoto wa Kikristo nje ya Ukristo. Mapadri na wachungaji waelezwe jambo hilo na kamati yenyewe, wasije wakalisoma peke yao baadaye na kuona wamefichwa. Waelezwe pia kwamba katika tamthiliya iyo hiyo yupo mtawa mnyenyekevu aliyemkabidhi Nathan mtoto yule, ambaye anapousikia msiba wa Nathan anamwona kuwa Mkristo wa kweli, na Nathan anamjibu kwamba kile kinachomfanya yeye aonekane Mkristo ndicho kinachomfanya mtawa aonekane Myahudi machoni pake.

Yatakuja pia maswali ya siasa za Mashariki ya Kati, na yataulizwa kwa uchungu. Wajumbe wasijibizane. Waseme kwamba mwandishi alimchagua mtu wa jamii iliyodharauliwa sana katika Ulaya ya wakati wake, akamfanya yeye awe mwalimu wa wengine. Ikiwa hata baada ya maelezo hayo jina linabaki kuwa kidonda, mradi uendelee kwa jina la Pete Tatu, na Nathan atajwe kwenye kibao tu.

Mazungumzo na ridhaa

Anzieni mtaani, kwa mwenyekiti wa mtaa na mkutano wa wakazi, kisha Kamati ya Maendeleo ya Kata, ndipo mpande hadi Halmashauri ya Manispaa ya Mtwara-Mikindani. Wapo wanaopenda kuanzia juu kwa kutafuta baraka za mkubwa, lakini mkazi anayeletewa jambo lililokwisha kuamuliwa hulipokea kwa mdomo tu. Sambamba na ngazi hizo, waoneni viongozi wa mkoa wa BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, na masheikh wa misikiti isiyo chini yake, Jimbo Katoliki la Mtwara, Waanglikana, Walutheri wa KKKT, na makanisa ya Kipentekoste, ambayo husahauliwa mara nyingi katika orodha za namna hii ingawa yana waumini wengi vijana. Mikutano isipangwe Ijumaa mchana wala Jumapili asubuhi, wala jioni za Ramadhani, na isifanyike ndani ya jengo la dini lolote. Ukumbi wa shule unatosha.

Kabla ya kuonyesha mchoro wowote, onyesho la kisa cha pete lichezwe hadharani. Tukio hilo moja la tamthiliya linaweza kutafsiriwa na walimu wa Kiswahili, likaigizwa na wanafunzi, na likasomwa katika redio za jamii. Kwa kuwa Lessing alifariki mwaka 1781, maandishi yake ya Kijerumani hayafungwi tena na hakimiliki, lakini tafsiri ya karibuni katika lugha yoyote inaweza kuwa na mwenyewe, hivyo wanaotafsiri kutoka Kiingereza wachague tafsiri ya zamani au waombe ruhusa. Kamati itakayoamua kuchagua mhusika wa mwandishi wa sasa wa Kiswahili haina budi kupata ridhaa ya maandishi ya mwandishi au warithi wake, na ofisi ya hakimiliki nchini itawaelekeza.

Waacheni watu waseme, na kinachosemwa kiandikwe. Wanawake waitiwe mkutano wao pia, maana katika mikutano ya mchanganyiko wazee wa kiume huzungumza hadi jua likazama, na hali ni wanawake wanaobeba uzito wa misiba na sherehe ambamo kuvumiliana kwa dini kunajaribiwa kweli.

Mahali

Wolfenbüttel waliiweka sanamu karibu na maktaba, na huo ni mfano mzuri, kwani mhusika wa kitabu anakaa vizuri karibu na vitabu. Hapa kwetu eneo la maktaba ya mkoa, bustani ya chuo au ufukwe wa Mikindani yote yanafaa kufikiriwa. Msimweke karibu na msikiti wala kanisa, na hakikisheni kwamba waumini wanaosali nje ya msikiti siku za Idi hawatajikuta wanaelekea sanamu. Viwanja vya Mashujaa viachwe na maana yake, kwa kuwa mkoa huu unawakumbuka wanajeshi waliokufa wakati wa ukombozi wa Msumbiji na waliozikwa Naliendele, na kumbukumbu hiyo isichanganywe na nyingine.

Mikindani inapendeza kwa namna ya pekee: ni bandari ya zamani yenye nyumba za mawe ya matumbawe, boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1895, misikiti ya kale na kanisa vikiwa karibu karibu. Hata hivyo majengo ya kale yanalindwa na sheria, kwa hiyo anayetaka kuchimba msingi hapo sharti apate kwanza kauli ya wahusika wa Mambo ya Kale, mbali na kibali cha ujenzi cha Manispaa. Kama mahali palipochaguliwa ni kando ya barabara au kwenye mzunguko, wakala wa barabara, TARURA au TANROADS, waulizwe, kutegemea barabara ni ya nani.

Fedha

Michango ikusanywe wakati watu wana fedha. Katika mkoa wa Mtwara hilo lina majira yake, kwani minada ya korosho huanza kwenye Oktoba na malipo ya wakulima hufuata, na mchango mdogo unaoombwa mwezi Desemba hutoka kwa moyo kuliko unaoombwa mwezi Aprili. Asiwepo mfadhili mmoja anayelipa zaidi ya nusu, na hasa isiwe taasisi moja ya dini. Akaunti ya benki iwe na watia saini watatu wasio wa dhehebu moja, na hesabu zibandikwe kwenye ofisi ya mtaa kila mwezi. Majina ya waliochanga yasiandikwe kwenye sanamu.

Uchongaji na ujenzi

Mkoa wa Mtwara ni nyumbani kwa Wamakonde, na itakuwa aibu sanamu hii kuagizwa kutoka mbali wakati wachongaji wapo Newala, Tandahimba na mjini. Mtindo wao uitwao ujamaa, ambamo watu wengi wanatoka katika gogo moja wakiwa wamebebana na kushikana, unakipokea kisa cha ndugu watatu kana kwamba kilitungwa kwa ajili yake. Mchongaji apewe hadithi yote, aachwe aiwaze, kisha alete kielelezo cha mpingo cha kimo cha sentimita 40 hivi.

Lakini kazi ya nje isiwe ya mpingo. Mti huo ni mgumu na mzito kiasi cha kuzama majini, ila haukui kwa unene mkubwa, na ukiachwa juani hupasuka. Tena gogo la thamani namna hiyo kwenye uwanja wa wazi linaweza kuibwa. Shaba iliyochanganywa na bati hudumu karne nyingi, lakini ni ghali na huwavutia wauzaji wa vyuma chakavu. Kinachofaa ni zege au jiwe. Fundi akumbuke kwamba kielelezo cha sentimita 40 kikikuzwa mara 5 kufikia mita 2, ujazo wake huongezeka mara 125, na kwa kuwa zege lina uzito wa kilo 2,400 hivi kwa kila mita moja ya ujazo, umbo la nusu mita ya ujazo tu linakaribia tani moja na robo. Msingi upimwe na mhandisi.

Adui wa zege la pwani ni chumvi. Chumvi ikiifikia nondo, nondo huota kutu, huvimba na kulipasua zege kutoka ndani, na mikono nyembamba huwa ya kwanza kudondoka. Kwa hiyo mchanga wa ufukweni usitumike hata kama ni wa bure. Utumike mchanga wa mtoni au wa machimbo ya bara uliooshwa, na maji ya kuchanganyia yawe matamu. Nondo ziwe zimepakwa zinki, na zifunikwe na zege lisilopungua milimita 50 kila upande. Saruji inapatikana hapa hapa, kwani kiwanda cha Dangote kipo mkoani. Mchanganyiko wa saruji moja, mchanga moja na nusu na kokoto tatu unafaa, na mfuko mmoja wa kilo 50 usipate maji zaidi ya lita 22 au 23, kwa maana zege lililotiwa maji mengi ili limiminike kirahisi hubaki na vitundu vinavyopitisha chumvi. Baada ya kumwaga, zege lifunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa kwa siku zisizopungua 7, na 14 ni bora zaidi. Kazi yote ipangwe kati ya Juni na Oktoba, mvua zikiwa zimekwisha.

Kibao na uzinduzi

Kibao kiwe cha jiwe, kiwekwe kwenye kimo ambacho mtoto wa darasa la tatu anaweza kukisoma, na lugha yake iwe Kiswahili. Maandishi yanaweza kuwa haya: "Pete Tatu. Kisa hiki kinasimuliwa na Nathan, mfanyabiashara wa kubuniwa katika tamthiliya ya Gotthold Ephraim Lessing wa Ujerumani, ya mwaka 1779. Ndugu watatu walirithi pete zinazofanana. Kadhi aliwaambia kila mmoja aonyeshe thamani ya pete yake kwa wema wake. Hapa si mahali pa ibada." Sentensi ya mwisho ni fupi lakini msiiache, kwa sababu ndiyo inayowahakikishia majirani kwamba ahadi ya kamati imeandikwa juu ya jiwe.

Siku ya uzinduzi, dua na sala zifanywe mwanzoni mwa mkusanyiko, mbali kidogo na sanamu, huku ikiwa bado imefunikwa. Isinyunyiziwe maji ya baraka, isifukizwe ubani, isivikwe shada. Mgeni rasmi avute kitambaa, wanafunzi waigize kisa, basi. Chakula kipikwe na watu wa dini zote, na nyama ichinjwe kwa utaratibu ambao kila aliyepo anaweza kula, kama ilivyo kawaida kwenye shughuli zetu.

Utunzaji

Sanamu iingizwe kwenye rejista ya mali za Manispaa mara tu inapokabidhiwa, la sivyo baada ya miaka michache hakuna atakayekubali kuwa ni yake. Kila mwaka upepo wa kusi ukiisha, kabla ya mvua kuanza, ioshwe kwa maji matamu na brashi laini bila sabuni kali, na ikaguliwe kwa makini. Mstari wa rangi ya kahawia kwenye zege ni dalili ya kutu ndani. Ufa uzibwe mwaka huo huo. Kamati isivunjwe baada ya uzinduzi. Ibaki na wajumbe wachache wenye orodha ya makubaliano yote ya maandishi, vielelezo vya mchongaji, vipimo vya nondo na mihtasari ya mikutano, nakala moja ikiwa Manispaa na nyingine maktaba, ili lalamiko jipya likitokea, aliyeleta lalamiko aonyeshwe nini kilikubaliwa na nani, na kama hoja yake haikuwahi kusikilizwa, mkutano wa mtaa uitishwe upya.